Nakala ya kila usiku yenye haikufanyika: namna ya kuipangia ordinatere kazi ya kujirudia

Mwezi wa 2, katikati ya majira ya mvua, radi ilipiga karibu na depo ya kooperative moja hapa upande wa Mulungwishi. Kisha dakika chache taa ziliwaka tena, lakini ordinatere ya depo haikuwaka. Ndani yake mulikuwa kitabu cha madeni cha musimu wote: nani alichukua mifuko mingapi ya NPK mwezi wa 11, nani aliongeza urea mwezi wa 12, nani alikwisha kulipa kidogo, nani bado.

Sekretere hakushituka. Alituambia: «Musiogope, nakala iko. Mashine iko inajifanyia nakala kila usiku mu flashi.»

Flashi ilikuwa imechomekwa ku mashine, na kwa bahati haikuungua. Tuliipeleka ku ordinatere ingine, tukaifungua. Tulikuta faili moja tu. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa 10, siku ile yenye kijana wa informatike alitoka Likasi kuja kupanga mambo na kuonyesha komite namna nakala inafanyika. Tangu siku ile, hakuna nakala hata moja.

Hakuna mutu mwenye alidanganya. Kijana aliandika amri sawasawa: kila siku, saa nane ya usiku, fanya nakala. Alichagua saa nane ya usiku juu njo vile wanafundishwa: watu wamelala, mashine haina kazi ingine. Sekretere naye alifanya kazi yake vizuri: kila mangaribi, saa kumi na moja, alizima ordinatere ili batri ya paneli za jua isimalizike. Lakini saa nane ya usiku ilipofika, mashine ilikuwa imezimwa, na mashine yenye imezimwa haisikii amri ya mutu yeyote. Miezi karibu ine ilipita vile, na hakuna mutu mwenye alifungua flashi kuangalia.

Tumeomba ruhusa ya kooperative hiyo kuisimulia habari hii bila kuitaja jina. Tunaisimulia kwa sababu kooperative mingi sasa ziko na ordinatere mu depo, na zingine zinakodisha serveri ya kutuma mesaji kwa wanachama. Kila mahali tunasikia neno moja: «Mashine inajifanyia yenyewe.» Mu makala hii tunaeleza maana ya neno hilo, namna kazi hizo zinapangwa, na maulizo yenye kila mwanachama anaweza kuuliza hata kama hajagusa ordinatere siku moja.

Kazi yenye inajirudia

Watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa maana ya ratiba. Siku ya Posho ilipata jina lake kwa sababu ilikuwa siku ya wafanyakazi kupokea posho ya juma. Wazee wenye walitumika ku kampuni za madini wanakumbuka sirene yenye ilikuwa inaita watu ku kazi. Sirene haikuuliza kama umelala au kama mutoto anagonjwa. Saa ikifika, inalia.

Ndani ya ordinatere kuko programu yenye inafanana na sirene hiyo. Ku mashine za Linux, zenye serveri mingi zinatumia, inaitwa cron, jina lenye linatokana na neno la Kigiriki la wakati. Ilitoka na Unix ya maabara ya Bell Labs ya Marekani mu miaka ya 1970, na ile yenye mashine mingi za Linux zinatumia leo inatokana na kazi ya Paul Vixie ya mwaka 1987. Ku Windows kazi hiyo inafanywa na programu ingine, yenye Windows ya Kifaransa inaita Planificateur de tâches.

Namna inatumika ni rahisi. Kila dakika cron inaamuka, inasoma liste ya kazi zenye imepewa, inaangalia saa ya mashine. Kama kuko kazi yenye saa yake ni hii, inaianzisha. Kisha inalala tena mpaka dakika yenye inafuata.

Kumbuka jambo moja: cron haiangalii nyuma. Haijiulizi kama kazi ya jana ilifanyika. Kama mashine ilikuwa imezimwa saa nane ya usiku, asubui ikiwashwa cron haisemi «nilikosa kazi moja, acha niifanye sasa.» Inasubiri saa nane ya usiku wenye unafuata. Na usiku huo tena mashine imezimwa.

Amri inaandikwa namna gani

Katika cron, kila kazi inaandikwa ku musitari mumoja, na mbele ya jina la kazi kuko fasi tano. Mufano:

30 13 * * *

Fasi ya kwanza ni dakika, kuanzia 0 mpaka 59.
Fasi ya pili ni saa, kuanzia 0 mpaka 23.
Fasi ya tatu ni tarehe ya mwezi, kuanzia 1 mpaka 31.
Fasi ya ine ni mwezi, kuanzia 1 mpaka 12.
Fasi ya tano ni siku ya juma, kuanzia 0 mpaka 7. Hapo 0 na 7 zote mbili ni Siku ya Yenga.

Nyota maana yake ni «kila». Basi musitari wa hapo juu unasema: dakika ya 30, saa 13, kila tarehe, kila mwezi, siku yoyote. Kwa hesabu yetu ni kila siku saa saba na nusu ya muchana.

Angalia mifano ingine tatu yenye inaweza kusaidia kooperative:

0 6 * * 5 ni kila Siku ya Tano, saa kumi na mbili ya asubui. Inafaa kwa kutumia wanachama bei ya mahindi mbele ya soko la Siku ya Posho.

0 8 1 * * ni tarehe 1 ya kila mwezi, saa mbili ya asubui. Inafaa kwa kutoa liste ya madeni yenye komite itasoma.

*/30 6-17 * * * ni kila nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili ya asubui mpaka saa kumi na moja na nusu ya mangaribi. Inafaa kwa kuangalia kama mesaji za wanachama zimefika.

Hauhitaji kukariri mambo haya. Lakini kama prezida na kesye wanaweza kusoma fasi hizi tano, hakuna tena mutu mumoja tu mwenye anajua mashine inafanya nini na saa gani.

Mitego yenye tumeona

Mutego wa kwanza ni saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapopanda, mashine inahesabu tangu katikati ya usiku. Sekretere anasema «saa mbili ya asubui», mutu anaandika 2, na kazi inaanza saa nane ya usiku. Kanuni ni hii: kuanzia saa moja ya asubui mpaka saa kumi na mbili ya mangaribi, ongeza 6. Saa moja ya asubui ni 7, saa sita ya muchana ni 12, saa kumi na moja ya mangaribi ni 17. Kuanzia saa moja mpaka saa tano ya usiku, ongeza 18: saa mbili ya usiku ni 20. Kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubui, ondoa 6: saa sita ya usiku ni 0, saa nane ni 2, saa kumi na mbili ya asubui ni 6. Andika hesabu hiyo ku karatasi, ibandike ku ukuta karibu na mashine.

Mutego wa pili ni siku. Hapa kwetu ni rahisi: Siku ya Kwanza ni 1, Siku ya Tano ni 5, Siku ya Posho ni 6. Lakini ukisoma kitabu cha Tanzania au Kenya, angalia sana. Wao wanasema Jumatatu, na mutu anaweza kufikiri ni 3. Jumatatu yao ni Siku ya Kwanza yetu, basi ni 1. Jumamosi yao ni Siku ya Posho, basi ni 6.

Mutego wa tatu ni kuuliza: saa ya wapi? Inchi yetu iko na saa mbili. Ikiwa saa sita ya muchana ku Kinshasa, ku Likasi ni saa saba. Wakati wa kutayarisha mashine, mutu akichagua Kinshasa kwa sababu ni jina la kwanza lenye ameona, kazi zote zitafanyika saa moja nyuma ya wakati. Ku Linux chagua Africa/Lubumbashi. Na kama kooperative inakodisha serveri ya ngambo, uliza inafuata saa gani. Serveri mingi zinafuata saa ya kimataifa ya UTC, yenye iko nyuma yetu masaa mawili. Serveri yenye inafuata saa ya Bruxelles inadanganya zaidi: wakati wa kiangazi cha Ulaya saa yao ni sawa na yetu, basi unaipima, unaona iko muzuri. Siku ya Yenga ya mwisho ya mwezi wa 10 wanarudisha saa yao nyuma, na mesaji zako zinaanza kuchelewa saa nzima, wakati ule ule watu wanatayarisha kupanda.

Mutego wa ine ni tarehe pamoja na siku. Kooperative moja ilitaka mashine itoe liste Siku ya Kwanza yenye inaanza mwezi. Waliandika 0 8 1 * 1. Walifikiri maana yake ni «tarehe 1 kama ni Siku ya Kwanza.» Lakini katika cron, fasi ya tatu na ya tano zikijazwa zote mbili, moja ikikubali inatosha. Basi liste ilitoka kila tarehe 1 na tena kila Siku ya Kwanza. Karatasi ilikwisha na wino ulikwisha. Vilevile, ukiandika tarehe 31 kwa kazi ya mwisho wa mwezi, kumbuka mwezi wa 2, wa 4, wa 6, wa 9 na wa 11 haziko na tarehe 31. Afazali kufanya kazi hiyo tarehe 1 ya mwezi wenye unafuata.

Mutego wa tano unagusa mufuko wa feza. Tuseme mashine imepewa kazi ya kuongeza faida ku deni la kila mwanachama tarehe 1. Umeme unakatika katikati ya kazi. Sekretere anaona haikumalizika, anaianzisha tena kwa mukono. Wanachama wenye walikuwa wameandikwa tayari wanaandikwa mara ya pili. Njo maana kazi yoyote ya kuongeza deni au kutoa feza ni lazima ijiulize kwanza: «Mwezi huu nimekwisha kumwandika mutu huyu?» Kama jibu ni ndiyo, imuruke. Mwambie fundi wenu maneno hayo hayo, atayaelewa.

Kama mashine inazimwa kila mangaribi

Depo mingi haziko na umeme usiku na muchana. Hatutaki kusema kooperative inunue batri kubwa kwa ajili ya nakala ya dakika mbili. Kuko njia tatu, na yenye bei ndogo njo ya kwanza.

Njia ya kwanza ni kuchagua saa yenye mashine inawaka kila siku. Saa saba na nusu ya muchana jua liko juu, batri imejaa, sekretere iko ku meza yake au anakula. Nakala ya kitabu cha madeni ni kazi ndogo, haitamuzuia mutu kutumika.

Njia ya pili ni kutumia programu yenye inakumbuka. Ku Linux kuko anacron, yenye ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zenye haziwaki wakati wote. Haiulizi tu «ni saa ngapi?» Inauliza pia «tangu siku gani kazi hii haijafanyika?» Ikiona siku imepita, inaifanya kisha mashine kuwaka. Ku Windows, ndani ya Planificateur de tâches, kuko fasi ya kuweka alama ili kazi yenye ilikosa saa yake ifanyike mara tu inapowezekana. Alama hiyo ni lazima uiweke wewe mwenyewe. Usifikiri iko tayari.

Njia ya tatu ni serveri ya kukodisha, yenye inawaka usiku na muchana fasi ingine. Inafaa kwa mesaji za wanachama mingi. Lakini inaomba feza kila mwezi, na siku yenye mulipo umekosekana, kazi zote zinasimama pamoja. Kama komite inachagua njia hii, tarehe ya mulipo iandikwe mu kitabu cha kesye.

Ku mashine za zamani, angalia pia kabatri kadogo kenye kanalinda saa ya ndani. Kakikufa, mashine ikizimwa inasahau saa na tarehe, na ikiwashwa inaweza kufikiri tuko mwaka mwingine kabisa. Mashine yenye haijui leo ni siku gani haiwezi kufuata ratiba.

Mesaji ya urea: mufano wa kazi yenye inafaa mukulima

Mu Kenya kuko kazi moja yenye inajulikana sana, iCow, yenye Su Kahumbu alianzisha na yenye ilishinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010. Mufugaji anaandikisha siku yenye ng'ombe wake alipandishwa. Mimba ya ng'ombe inachukua karibu siku 280, na mesaji zinamufikia mufugaji kufuatana na siku za ng'ombe wake mwenyewe. Jirani yake mwenye ng'ombe alipandishwa mwezi mwingine anapata mesaji zingine.

Wazo hilo linafaa kwa mahindi yetu. Urea inatiwa karibu juma la 4 mpaka la 6 kisha kupanda, wakati mahindi yanafika ku magoti na udongo uko na maji. Lakini hatupandi wote siku moja. Mwenye alipata mbegu mapema alipanda mvua za kwanza za mwezi wa 11, mwingine alipanda mwezi wa 12. Mesaji moja kwa wote tarehe 15 itamufikia mumoja mapema na mwingine nyuma ya wakati.

Basi kazi inapangwa hivi: kila asubui mashine inasoma liste ya wanachama, inatafuta mwenye amefikisha siku 30 tangu kupanda, inamutumia mesaji ya kumukumbusha urea. Hapo tena kuko hatari. Tuseme mashine haikuwaka Siku ya Posho. Mwenye alifikisha siku 30 siku hiyo, Siku ya Kwanza ikifika amefikisha 32. Mashine inatafuta 30 tu, basi inamuruka, na hatapata mesaji musimu wote. Amri yenye inafaa inasema: «Tafuta mwenye amefikisha siku 30 au zaidi, na bado hajatumiwa. Ukimutumia, andika alama mbele ya jina lake.» Kwa namna hiyo siku yenye umeme ulikosekana haimunyimi mutu chakula, na hakuna mwenye anapata mesaji ile ile mara tatu na kumaliza yunite za kooperative bure.

Na mesaji haiwezi kuona shamba. Kama mvua zimekatika majuma mawili, mashine itasema «tia urea» vilevile. Mukulima njo mwenye anaangalia udongo na kuamua.

Kazi yenye haiachi alama

Turudi ku ile depo. Kosa la kwanza lilikuwa saa. Lakini lile lenye liliumiza zaidi lilikuwa lingine: kwa karibu miezi ine hakuna mutu mwenye aliangalia. Mulinzi wa usiku akikosa kuja, asubui utaona kiti hakina mutu. Kazi ya mashine ikikosa kufanyika, hauoni kitu. Kimya cha kazi yenye imefanyika na kimya cha kazi yenye haikufanyika vinafanana.

Ile kooperative ilijenga kitabu upya kutoka ku karatasi za kupokelea mbolea, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilikula majuma matatu. Wengi walikuwa na karatasi zao. Lakini mama mumoja alisimama mu mukutano, akasema: «Mimi nilirudisha feza ya mifuko mbili mwezi wa 1. Karatasi yangu ililoba na mvua, ikaharibika.» Komite haikuweza kusema ndiyo, haikuweza kusema hapana. Kesye alikuwa anakumbuka aliona mama huyo, lakini hakukumbuka siku wala feza ngapi. Wengine walianza kunungunika kwamba kila mutu sasa atasema amelipa. Wajirani wawili walishuhudia, mukutano ukamukubalia. Tunafurahi kwamba ilikwisha hivyo. Lakini heshima ya mama ilibaki mu mikono ya wajirani wawili wenye kumbukumbu nzuri, na haikupaswa kufika hapo.

Leo wanafanya mambo ine, na hayaombi feza mingi.

Nakala inafanyika kila siku saa saba na nusu ya muchana, na jina la kila faili liko na tarehe yake. Ya leo haifuti ya jana.

Kila mangaribi, mbele ya kuzima mashine, sekretere anafungua flashi, anaangalia kama faili ya leo iko na kama haiko tupu, kisha anaandika tarehe mu daftari na kutia sahihi. Inachukua dakika moja. Daftari liko la karatasi kwa makusudi.

Kila Siku ya Tano nakala ingine inaenda nyumbani kwa kesye mu flashi ya pili. Flashi yenye inabaki imechomekwa ku mashine inaweza kuungua pamoja na mashine, kuibiwa pamoja nayo, au kuloba pamoja nayo.

Mara moja kwa mwezi wanachukua nakala, wanaifungua ku ordinatere ingine, wanachagua majina matatu na kulinganisha na karatasi. Nakala yenye haijafunguliwa hata siku moja, haujui kama ni nakala.

Maulizo ya kuleta mu mukutano

Sheria ya OHADA juu ya kooperative ilipitishwa ku Lomé tarehe 15/12/2010, na Kongo yetu iliingia mu OHADA mwaka 2012. Hesabu za mwaka zinaletwa mbele ya mukutano mukubwa wa wanachama, na nyinyi njo wenye kuzikubali au kuzikataa. Kama hesabu ziko ndani ya mashine, basi mashine pia ni jambo lenu. Mwanachama mwenye hajasoma informatike anaweza kuuliza maulizo haya:

1. Mashine yetu iko na kazi gani zenye inajifanyia yenyewe? Liste iko wapi, ku karatasi?
2. Kila kazi inafanyika saa ngapi, na saa hiyo mashine inakuwa imewaka?
3. Saa ya mashine ni ya Lubumbashi, ya Kinshasa, au ya ngambo?
4. Kama umeme ukikatika, kazi inafanyika nyuma yake au inapotea?
5. Kama kazi ikifanyika mara mbili, deni langu linaandikwa mara mbili?
6. Nani anaangalia kama imefanyika, na anaandika wapi?
7. Nakala ya mwisho ni ya siku gani? Tunaweza kuifungua sasa hivi?

Ulizo la 7 njo kubwa. Prezida akijibu «iko», mumuombe kwa heshima aifungue mbele yenu. Si kwa kumushuku. Sekretere wa ile depo hakuwa mwizi wala muvivu, na yeye mwenyewe njo mwenye alituomba tuandike makala hii. Alisema: «Nilikuwa ninaamini mashine juu sikuwahi kuiuliza.»

Majira ya mvua yenye inafuata yataleta radi tena. Mbele ya mwezi wa 10 kuisha, muchukue mangaribi moja, mukae na sekretere na kesye mbele ya ordinatere ya depo, mujibu maulizo saba pamoja. Kisha mubandike majibu ku ukuta, karibu na bei ya mbolea, fasi yenye kila mutu anapita.